Spencer Williams na Senema za Fedha Chache

Katika mwaka wa 1963, mwaka ule ule ambao Kenya ilipata uhuru wake, kampuni moja kubwa ya televisheni ya Marekani, iitwayo CBS, ilitangaza kwamba imeuza mchezo wake mmoja wa kuchekesha katika nchi mbili za Afrika, yaani Kenya na Nigeria ya Magharibi. Televisheni ilikuwa jambo geni hapa kwetu, kwani ilikuwa imeanza kuonyeshwa mwaka mmoja tu uliotangulia. Walakini haukupita muda mrefu, ofisa wa serikali ya Kenya akatangaza kuwa mchezo huo hautaruhusiwa kuonyeshwa nchini. Mchezo wenyewe uliitwa Amos 'n' Andy. Wachezaji wake walikuwa watu Weusi wa Marekani, na aliyemwigiza Andy alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzito, jina lake Spencer Williams.

Mtu angeweza kudhani kwamba nchi ya Waafrika inayoingia katika uhuru ingefurahi kuziona sura za watu Weusi katika televisheni. Mbona basi ikakataa? Na huyo Spencer Williams alikuwa mtu wa namna gani? Jibu la maswali haya limo katika maisha yake, ambayo sehemu kubwa aliitumia katika kucheza, kutunga na kutengeneza filamu za gharama ndogo.

Williams alizaliwa tarehe 14 Julai, 1893, katika mji mdogo wa Vidalia, jimbo la Louisiana, upande wa kusini wa Marekani. Utumwa ulikuwa umekomeshwa katika nchi hiyo mwaka 1865, yaani miaka 28 tu kabla ya kuzaliwa kwake, na wazee wengi waliomzunguka utotoni walikuwa wamepata kuwa watumwa. Kabla hajatimiza miaka mitatu, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua katika kesi iliyotoka jimbo hilo hilo la Louisiana kwamba si kosa kuwatenga watu Weusi na Wazungu, mradi kila upande upewe huduma zilizo sawa. Huo usawa haukuonekana. Watu Weusi walitengwa katika mabehewa ya reli, katika shule na katika hospitali. Ilipokuja senema, walitengwa humo pia: katika miji mingi ya kusini waliketi juu kabisa katika roshani, au waliruhusiwa kuingia usiku wa manane, Wazungu wakiisha kwenda zao.

Angali kijana, Williams aliondoka kusini akaenda New York, na huko akapata kazi katika jumba la michezo la tajiri mmoja aitwaye Oscar Hammerstein. Kazi yake ilikuwa ya utarishi: kuwaita wachezaji zamu zao za kupanda jukwaani zilipofika. Ilikuwa kazi duni, lakini ilimweka karibu na mabingwa. Miongoni mwao alikuwapo Bert Williams, mchekeshaji Mweusi aliyesifika kuliko wote wa zamani zile, naye akamfundisha kijana huyu sanaa ya kuchekesha. Bert Williams mwenyewe, ingawa alikuwa mtu Mweusi, hakupanda jukwaani ila amejipaka masizi usoni. Desturi hiyo ililetwa na Wazungu waliojipaka weusi ili kuwadhihaki watumwa, na watazamaji walikuwa wameizoea hata ikawa mchekeshaji Mweusi hana budi kuifuata. Basi kijana Spencer alijifunza mapema kwamba katika kazi ile mtu aweza kulipwa vizuri, na kupigiwa makofi, huku amevaa sura aliyotungiwa na wengine.

Baada ya hayo aliingia jeshini. Alitumikia jeshi la Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akapanda cheo hata akawa sajini meja. Katika miaka ya 1920 alikwenda Hollywood, katika jimbo la California, mahali palipokuwa makao makuu ya senema duniani. Bahati yake ilimjia wakati filamu zilipoanza kusema. Mwaka 1929 kampuni ya Christie ilikuwa ikitengeneza filamu fupi za kuchekesha juu ya maisha ya watu Weusi, kwa kufuata hadithi za mwandishi mmoja Mzungu, Octavus Roy Cohen. Williams aliajiriwa kuigiza na kusaidia kuandika maneno ya wachezaji. Mojawapo ya filamu hizo, The Melancholy Dame ya mwaka 1929, huhesabiwa miongoni mwa filamu za kwanza za sauti zilizochezwa na watu Weusi watupu.

Ili tuelewe njia aliyoichagua baadaye, yafaa tutazame hali ya mchezaji Mweusi katika Hollywood ya siku zile. Kampuni kubwa zilimpa kazi za aina chache tu: upishi, utumishi wa nyumbani, uchukuzi wa mizigo katika vituo vya reli, au upumbavu wa kuchekesha. Hattie McDaniel, mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo kuu ya filamu ya Marekani, alipewa tuzo hiyo mwaka 1940 kwa kumwigiza mtumishi wa Wazungu katika filamu ya Gone with the Wind; na usiku wa kupokea tuzo aliketishwa kwenye meza ya kando, mbali na wachezaji wenzake Wazungu.

Lakini palikuwa na njia nyingine, nyembamba na yenye miiba. Mwaka 1915 ilitoka filamu ya The Birth of a Nation, iliyowatukana watu Weusi na kuwasifu wale Wazungu waliowaua na kuwatisha. Watu Weusi wakaona kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Kama wao wenyewe hawashiki kamera, basi watasimuliwa na maadui zao. Mwaka uliofuata Noble Johnson na ndugu yake George walianzisha kampuni ya filamu iliyoitwa Lincoln. Mwaka 1919 Oscar Micheaux, aliyekuwa mkulima na mwandishi wa riwaya, alitoa filamu yake ya kwanza, na akaendelea na kazi hiyo kwa karibu miaka 30. Hivyo zikazaliwa mamia ya filamu za watu Weusi, zilizochezwa na watu Weusi na kuonyeshwa katika senema za watu Weusi.

Adui mkubwa wa filamu hizi alikuwa ufukara. Senema zilizokubali kuzionyesha zilikuwa chache, na watazamaji wake walikuwa watu wa mshahara mdogo, kwa hiyo mapato hayakuweza kuwa makubwa. Palipo na mapato madogo hapana budi gharama nazo ziwe ndogo. Mtengenezaji hakujenga nyumba za kuigizia, bali aliazima nyumba ya rafiki. Kama mchezaji alikosea neno, mara nyingi kosa liliachwa vivyo hivyo, maana ukanda wa filamu ulikuwa ghali na haikuwezekana kurudia. Mtu mmoja aliandika hadithi, akaigiza, akaongoza wenzake, na kazi ikiisha akaenda kutafuta mahali pa kuionyesha. Nakala zilikuwa chache, zikapelekwa kutoka mji hadi mji mpaka zikachakaa.

Katika ulimwengu huo ndimo Spencer Williams alimopata nafasi yake. Kati ya mwaka 1937 na 1939 alicheza katika filamu nne za wachunga ng'ombe wapanda farasi pamoja na mwimbaji Herb Jeffries. Katika nchi ya Marekani wachunga ng'ombe wengi wa kweli walikuwa watu Weusi, lakini katika senema za Hollywood hawakuonekana. Sasa vijana Weusi waliweza kumtazama shujaa wa rangi yao akipanda farasi, akiimba na kuwashinda wezi. Katika moja ya filamu hizo, Harlem Rides the Range ya mwaka 1939, Williams alishiriki kuandika hadithi mbali na kuigiza. Mwaka uliofuata aliandika hadithi ya kutisha iliyotengenezwa kwa jina la Son of Ingagi, naye mwenyewe akaigiza humo kama askari mpelelezi.

Kazi hiyo ilimvutia Alfred Sack, Mzungu mwenye biashara ya kusambaza filamu katika mji wa Dallas, jimbo la Texas. Sack alikuwa na fedha kidogo na alijua senema za watu Weusi zilipo. Williams alikuwa na hadithi na ujuzi. Wakapatana. Sack angetoa fedha, na Williams angetengeneza filamu apendavyo. Hapa yafaa tuseme wazi kwamba mwenye fedha alikuwa bado Mzungu, wala Williams hakupata kuwa mwenye mali. Lakini alipata kitu ambacho mchezaji Mweusi wa Hollywood hakukipata hata kwa mshahara mkubwa, nacho ni ruhusa ya kusema neno lake mwenyewe.

Filamu yao ya kwanza ilitoka mwaka 1941, ikaitwa The Blood of Jesus. Iligharimu dola 5,000 hivi. Ili msomaji apate kipimo, na akumbuke kwamba Gone with the Wind, iliyotoka mwaka 1939, iligharimu karibu dola milioni 4. Fedha za filamu hiyo moja zingetosha kutengeneza zaidi ya filamu 700 kama ile ya Williams.

Hadithi yake ni nyepesi. Katika kijiji cha watu Weusi huko kusini, mwanamke aitwaye Martha anabatizwa mtoni. Mume wake, Razz, ambaye Williams mwenyewe alimwigiza, hakuhudhuria ubatizo; asema alikwenda kuwinda, kumbe alikwenda kuiba nguruwe wa jirani. Bunduki yake inaanguka kwa bahati mbaya, risasi inafyatuka na kumpiga mkewe. Martha akiwa mahututi, roho yake inachukuliwa na malaika, kisha inajaribiwa na mjumbe wa Shetani, anayeipeleka mjini kwenye anasa na ulevi. Mwisho Martha anakimbia, anafika penye njia panda, na hapo chini ya msalaba anaokoka. Anaamka kitandani ni mzima, na mumewe naye amegeuka.

Anayeitazama filamu hiyo leo hakosi kuona kasoro zake. Wachezaji kadhaa si wa kazi hiyo, na maneno yao hutoka kama ya mtoto anayesoma kitabu mbele ya mwalimu. Sauti mara nyingine haisikiki vema. Shetani amevaa vazi la kuchekesha kuliko kutisha. Williams hakuwa na fedha za kuonyesha roho zikipanda mbinguni. Kwa hiyo alichukua vipande vya filamu ya kale ya Kitaliano, ya mwaka 1911, akavishona ndani ya yake, kama fundi cherehani anayetia kiraka cha kitambaa kingine.

Walakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika filamu hiyo hiyo mna ubatizo wa mtoni, na nyimbo za kanisani zilizoimbwa na kwaya kutoka mwanzo hadi mwisho. Mna kitanda cha mgonjwa kilichozungukwa na akina mama wanaoomba. Watu hawa si watumishi wa mtu yeyote. Hawapo ili kumchekesha Mzungu, na kwa kweli Mzungu hayumo kabisa katika hadithi. Wana dhambi zao, toba yao, mapenzi yao na msiba wao, kama wanadamu wote. Watazamaji Weusi wa kusini, ambao tangu utoto wao walikuwa wamejiona katika senema kama wapumbavu, sasa waliyaona makanisa yao na mashamba yao. Wakaijaza senema, na filamu ikaonyeshwa hata makanisani. Faida yake ikamwezesha Williams kuendelea.

Katika miaka sita iliyofuata alitengeneza filamu nyingine kadhaa kwa ajili ya Sack. Zilikuwamo za dini, kama Go Down, Death! ya mwaka 1944. Iliyohusu askari Weusi wa Vita Vikuu vya Pili, yaani Marching On! ya mwaka 1943; na za mchezo na muziki, kama Juke Joint ya mwaka 1947. Katika nyingi ya hizo aliigiza pia. Katika Dirty Gertie from Harlem U.S.A., ya mwaka 1946, alivaa hata nguo za kike akamwigiza bibi kizee mpiga ramli, kwa kuwa katika filamu za namna hiyo mwongozaji huziba pengo lolote linalotokea.

Kisha mambo yakabadilika. Baada ya vita, kampuni kubwa za Hollywood zilianza polepole kuwapa watu Weusi nafasi zilizo bora kidogo, na watazamaji wakazifuata filamu hizo zilizotengenezwa kwa ufundi na fedha nyingi. Televisheni nayo ikaingia majumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 biashara ya filamu za watu Weusi ilikuwa inakufa. Williams alikuwa akiishi Tulsa, katika jimbo la Oklahoma, alipopata mwito uliomfanya ajulikane Marekani nzima.

Amos 'n' Andy ulikuwa mchezo wa redio tangu mwaka 1928, ukisikilizwa na mamilioni ya watu. Watungaji na wachezaji wake, Freeman Gosden na Charles Correll, walikuwa Wazungu walioigiza sauti za watu Weusi. CBS ilipotaka kuuingiza katika televisheni, ilionekana kwamba sauti ya Mzungu haiwezi kuonekana katika uso wa Mzungu. Wakatafutwa watu Weusi wa kuzivaa sauti hizo. Williams akachaguliwa kuwa Andy, mtu mvivu, mwepesi wa kudanganywa. Mchezo ulianza kuonyeshwa mwezi wa Juni, 1951. Inasimuliwa kwamba Gosden alipotaka kumfundisha jinsi mtu Mweusi anavyosema, Williams alimjibu kuwa yeye anajua vizuri, kwani amekuwa mtu Mweusi maisha yake yote.

Tuone basi ajabu ya jambo hili. Mtu aliyekwisha kuandika na kuongoza filamu zake mwenyewe sasa anafundishwa usemi wa watu wake na Mzungu. Fedha ni nyingi, taa ni nzuri, kamera ni za kisasa, wala hapana haja ya kutia viraka. Lakini neno si lake tena.

Chama cha NAACP, kilichoundwa mwaka 1909 kutetea haki za watu Weusi wa Marekani, kiliupinga mchezo huo tangu mwanzo. Kilisema kwamba unawazoeza watazamaji kuamini kuwa mtu Mweusi ni mvivu, mjinga na mdanganyifu, na kwamba ndani yake madaktari na mawakili Weusi huonyeshwa kama matapeli. Wako waliowatetea wachezaji. Walisema kwamba huo ulikuwa mchezo wa kwanza wa televisheni wenye wachezaji Weusi watupu, kwamba ulitoa kazi kwa wasanii waliokuwa na njaa, na kwamba Williams na wenzake walikuwa mafundi wa kuchekesha kwelikweli. Maneno haya pia yana uzito. Lakini swali la NAACP lilibaki: ikiwa katika televisheni nzima ya nchi hapana sura nyingine ya mtu Mweusi, je, mtoto wa Kizungu atamjuaje mtu Mweusi, na mtoto Mweusi atajijuaje?

CBS iliacha kuuonyesha mchezo huo katika mtandao wake mwaka 1953, ila uliendelea kurudiwa katika vituo mbalimbali, na kuuzwa nchi za nje, mpaka ulipoondolewa mwaka 1966. Ni katika biashara hiyo ya kuuza nje ndipo ulipobisha mlango wa Kenya mwaka 1963. Nchi iliyokuwa imechoka kuambiwa na watawala kwamba watu wake ni wavivu na hawawezi kujiongoza haikuwa na sababu ya kununua dhihaka hiyo hiyo kwa fedha zake, na kuwaonyesha watoto wake jioni.

Spencer Williams alifariki dunia mjini Los Angeles tarehe 13 Desemba, 1969, akazikwa katika makaburi ya askari. Waliomkumbuka walimkumbuka kwa jina la Andy. Filamu alizoziongoza hazikutajwa sana, na nyingi zilidhaniwa zimepotea.

Miaka 14 baadaye, mwaka 1983, katika ghala moja huko Tyler, jimbo la Texas, yaligunduliwa makopo ya filamu za kale yaliyosahauliwa. Ndani yake mlikuwa na filamu nyingi za watu Weusi, na kazi za Williams zikiwamo. Zikasafishwa na kuhifadhiwa katika chuo kikuu. Wataalamu walipozitazama waliona kilichokuwa kimefichwa na umaskini wake. Mwaka 1991 Maktaba Kuu ya Bunge la Marekani iliiingiza The Blood of Jesus katika orodha ya filamu za taifa zinazostahili kutunzwa daima, katika orodha hiyo hiyo iliyomo Gone with the Wind.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Williams alitunzwa na watu wake kwa senti zao chache walipokuwa wakinunua tiketi ya roshani, na tuzo ya taifa ilimfikia amekwisha kulala kaburini miaka 22. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki leo wapo vijana wanaotengeneza filamu kwa fedha kidogo, katika nyumba za kuazima, na watazamaji huzicheka kasoro zao. Kasoro ni haki kuzitaja, maana fundi asiyekosolewa hajifunzi. Lakini msomaji anapoitazama filamu ya namna hiyo, asiishie katika kuuliza iligharimu kiasi gani. Na aulize pia ni nani aliyeyatunga maneno yanayosemwa humo, na kama watu wanaoonyeshwa wangekubali kwamba hao ndio wao.